Mwanangu alisema "walistahili". Neno lilikuwa langu

fundi_kalafati

Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite, sitamwekea kinyongo.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu ndani kwa miaka. Kilichonitoa kimyani ni mada ya wiki iliyopita, pale mzazi mmoja alipouliza mtu atajuaje kama mwanawe ameingizwa katika itikadi kali. Majibu yakamiminika: tazama ndevu, tazama suruali kama imepanda juu ya kifundo, tazama kama simu ina nywila. Jamani, nywila hata mke wangu anayo. Mwanangu hakuwa na ndevu, suruali zake ni zile za kuchanika magotini ambazo mamake amezishona mpaka amechoka, na Ijumaa ilibidi nimwamshe. Ningefuata dalili zenu ningelala usingizi mnono.

Mimi ni mtu wa Lamu, fundi wa vyombo vya baharini. Kazi yangu hasa ni kukalafati, yaani kuziba mianya baina ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta, unaishindilia kwa patasi butu na nyundo, mbao kwa mbao, chombo kizima. Kijana wangu alimaliza kidato cha nne 2022. Akangoja. Alikuwa na matumaini na bandari mpya, maana gati la kwanza lilipozinduliwa Mei 2021 tuliambiwa vijana wa hapa ndio wa kwanza. Akapeleka karatasi zake mara tatu. Akaendelea kungoja, mimi nikaendelea kumwambia shika nyundo, naye anashika huku jicho liko kwenye simu.

Juni 2023, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, vijiji vya Juhudi na Salama, ng'ambo ya kisiwa chetu, wanakoishi wengi waliotoka bara, vilivamiwa usiku. Watu wakauawa, nyumba zikachomwa moto. Asubuhi yake tumekaa ukumbini tunakunywa chai, mbaazi na mahamri. Mke wangu akasema, "Maskini ya Mungu, na Idi ndiyo hii." Kijana hakuinua hata macho.

"Walistahili," akasema. "Si ardhi yao."

Mkono wangu ulifika kabla ya ulimi. Nilimzaba kofi mpaka kikombe kikamwagika, nikamnyang'anya simu, nikatamka maneno ambayo baba hatakiwi kumwambia mwanawe hata akiwa amelewa, na mimi sijawahi kuionja pombe. Yeye akainuka, akavaa makubadhi, akatoka. Hakubamiza mlango. Hilo ndilo lililonitia baridi.

Nitaendelea baada ya Isha.

kijana_langoni

Nimeshaweka kiti. Endelea mzee wangu.

mama_wa_watatu

Ndugu yangu, umenitoa machozi na hujafika popote. Kofi hilo nalijua. Mimi nilipiga kwa jambo dogo kuliko hilo, mpaka leo binti yangu akiniona nanyanyua mkono kuchukua sufuria anajikunja.

fundi_kalafati

Naendelea.

Simu nilikuwa nayo lakini sikuweza kuifungua. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja akanitazama kama mjinga, akaichukua, akaandika nywila, akanirudishia. Wanajua kila kitu hawa, sisi ndio wageni ndani ya nyumba zetu.

Nilikuta mazungumzo na mtu mmoja. Sijui ni nani, jina lake lilikuwa la kubandika. Nilikaa darini mpaka adhana ya alfajiri nikiyasoma tangu mwanzo, na nitawaambia kilichonishangaza. Nilikuwa natafuta aya. Nilitaka nione amedanganywa kwa aya gani ili nimpelekee maalim. Miezi miwili na ushee ya kwanza hamna aya hata moja. Kuna mpira. Kuna "umekula?" Kuna "mbona uko macho saa hizi, huna usingizi?" Kijana anamjibu saa nane ya usiku, yule anarudisha jibu saa hiyo hiyo. Mimi saa nane ya usiku nilikuwa chumba cha pili, nakoroma.

Kisha yakaja maswali. Babako ni mvuvi au fundi? Ile marufuku ya kuvua usiku iliwakuta? (Kwa msiokuwa wa huku: baada ya wageni kutekwa 2011, mmoja Kiwayu na mwingine Manda, kuvua usiku kulipigwa marufuku na ikakaa hivyo miaka. Mvuvi asiyevua usiku ni kama mwokaji aliyekatazwa moto. Na vyombo visipoingia baharini, hakuna wa kumlipa kalafati.) Halafu akauliza habari ya fidia ya bandari, kwamba mahakama 2018 iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe, je, mtaani kwenu nani amekiona kitu? Halafu ardhi. Yote ni mambo ya kweli. Sikukuta uongo hata mmoja mpaka mwezi wa tatu, na hapo kijana alikuwa ameshazoea kuitikia ndiyo.

Na mwanangu naye alikuwa anachangia. Aliandika hivi, nimelinakili neno kwa neno: "Baba husema, mbara akija na begi ukilala ukiamka ana hati."

Hiyo ni yangu. Niliitunga mimi, barazani pale Mkunguni, mbele ya ngome. Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima. Sikujua kama kuna mtoto amesimama nyuma ya nguzo.

Yule mtu alimjibu: "Babako anajua haki ilipo, ila amezoea kuinamisha kichwa. Wewe je?"

Siku nne kabla ya ile asubuhi ya mahamri, alimtumia shilingi 2,500 kwa M-Pesa. Ya nauli, aliandika. Haikusemwa ya kwenda wapi.

ustadhi_wa_zamani

Allah akulindie kijana wako. Nina neno moja, nalileta kwa heshima. Humu kuna watu watakaosoma uzi huu waseme "ndio hao, watoto wa madrasa". Mimi nimesomesha watoto miaka ishirini na tano. Kijana akiacha kuhudhuria Maulidi kwa sababu anaona si sahihi, huo ni mjadala wa kielimu, ni wa zamani, na Lamu umekuwepo tangu enzi za babu zetu. Si ugaidi. Tukimwita gaidi kila anayetofautiana nasi kwenye ziara na dufu, tunamsukuma kwa mikono yetu mpaka kwa mtu wa saa nane ya usiku.

fundi_kalafati

Maalim, umesema kweli na mimi mwenyewe nilikosea hapo. Miezi kadhaa kabla, Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mji mzima uko msikiti wa Riyadha, punda wanashindana ufukweni, yeye akasema haendi. Nikamwita majina. Ningekaa naye nikamuuliza kwa nini, pengine ningelisikia lile jingine mapema. Dini yake haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa dharau, nami niliichanganya na dini kwa kuwa dini ndiyo rahisi kuonekana.

mwana_malindi

Hodi. Mimi niko Malindi, ni Mkristo, nadhani uzi huu ni wangu pia.

Mnaijua Shakahola. Aprili 2023, ndiyo hiyo hiyo miezi unayoisimulia, makaburi yalianza kufukuliwa kule msituni, na hesabu ilipita maiti mia nne. Watoto kwa wakubwa. Watu walioambiwa wafunge chakula mpaka wakamwone Yesu. Mimi ni bodaboda. Miezi ile nilikuwa nabeba watu kutoka stendi kwenda hospitali, wanakuja kutoka Magharibi, Nyanza, Nairobi, wameshika picha za watu wao. Hawapatani bei. Ukimwambia mia anakupa mia. Anayetafuta maiti ya mwanawe hana habari ya kupatana.

Mzee mmoja nilimbeba mara nne. Binti yake alikuwa na wajukuu wawili. Alianza kwa kuwatoa watoto shule, akasema elimu ni ya shetani. Mzee akampigia simu akamtukana. Akaacha kuwapeleka hospitali, mzee akamtukana tena. Siku moja simu ikazimwa. Aliniambia, nikiwa nimesimama kwenye taa nazima injini, "Maneno yangu ya mwisho kwake ni kwamba amekuwa mwendawazimu." Alikuja kutoa mate kwa ajili ya DNA. Familia za kwanza zilianza kukabidhiwa miili Machi 2024. Sikumwona kati yao. Labda alikuja nikiwa sipo.

Halafu 2025 tukasikia Kwa Binzaro, makaburi tena, msitu ule ule wa upande wa Chakama. Kwa hiyo jamani, msituambie ni dini fulani.

mama_wa_watatu

"Hawapatani bei." Mwana Malindi, nimeisoma mara tatu.

mpita_njia

Mimi sina maneno matamu. Fundi, hiyo namba ya M-Pesa uliipeleka wapi? Maana hadithi nzuri sana lakini mtu huyo bado yuko anaandikia watoto wa wenzio "umekula".

fundi_kalafati

Niliipeleka. Kwa nani na kwa njia gani sitaandika hapa. Nilikaa nayo siku mbili kabla ya kuipeleka na siku hizo mbili sijivunii.

Lakini ndugu, usiulize kana kwamba ni jambo jepesi. Huku kwetu Pwani kuna vijana waliochukuliwa usiku na watu wasiojulikana na hawakurudi, majina yao yako kwa mashirika ya haki. Baba anayempeleka mwanawe aandikishwe anajiuliza kama anamwokoa au anamzika. Na wakati huo huo anajua asipokwenda, watakaozikwa ni wana wa wengine.

mpita_njia

Nakubali si jepesi. Ila kumbuka Garissa. Aprili 2015, chuo kikuu, watu 148 wakauawa. Mmoja wa waliofanya yale alikuwa kijana aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, baba yake chifu huko Mandera. Yule baba aliripoti kwamba mwanawe ametoweka. Aliripoti kabla. Huwa namfikiria yeye kuliko ninavyomfikiria huyo kijana. Alifanya lile tunalowaambia wazazi wote wafanye, na bado akaamka siku moja akasikia mwanawe ni mmoja wa wauaji.

fundi_kalafati

Sina jibu la hilo.

Naendelea na kijana. Siku ile alipotoka nilidhani atazunguka vichochoroni arudi kula. Magharibi ikapita. Isha ikapita. Asubuhi nilivuka kwa boti kwenda Mokowe, ng'ambo yetu yanakoanzia mabasi, nikakaa stendi, natazama kila anayepanda basi. Siku ya pili hivyo hivyo. Makonda walinizoea, mmoja akaninunulia chai akidhani nimeishiwa nauli. Yale mabasi yalikuwa yakiondoka kwa msafara na askari, njia ile ya Nyongoro na Milihoi palipokuwa pakivamiwa magari wenyewe mnaijua, nami nilikuwa nawatazama wale askari nikiomba wasimwone na pia nikiomba wamwone.

Siku ya tatu shemeji yangu akapiga simu kutoka Matondoni. "Una mtu wako hapa. Yuko hapa tangu Jumapili, kanikataza nisikwambie."

Nilitaka kumtukana shemeji. Mke wangu akanishika mkono, akasema, "Nenda na patasi yako, usiende na mdomo." Nikafanya hivyo. Nilimkuta amekaa chini ya mashua ya mjomba wake iliyopandishwa pwani, anachambua pamba. Sikusema kitu. Nikakaa upande wa pili wa mkuku, nikaanza kazi. Siku ya kwanza nzima tulisema "nipe mafuta" na "sogeza". Basi.

Siku ya pili nikaona anapiga nyundo kwa hasira, pamba inaingia mpaka haionekani. Nikamwambia lile nililomwambia tangu ana miaka minane: mbao kavu zinadanganya, chombo kikiingia maji zitavimba, ukishindilia hivyo zitasukumana zing'oe misumari. Akasema, "Najua." Akaendelea kupiga. Kisha akaacha, akasema bila kunitazama:

"Umenipiga kwa neno lako mwenyewe."

Nikauliza neno gani. Akasema 2014.

Wengi mnakumbuka. Jumapili ya tarehe 15 Juni 2014, watu wako mbele ya televisheni wanatazama Kombe la Dunia, Mpeketoni ikavamiwa. Usiku ule na uliofuata waliuawa watu zaidi ya 60, wanaume wakitengwa na wake zao. Al-Shabaab wakasema ni wao, rais wa wakati huo akasema ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa, na sisi tukapata nafasi ya kubishana barazani ni nani kafanya badala ya kusema ni nani kafa. Kisha ikaja kafyu, jua likitua kila mtu ndani. Harusi mchana, maziko mchana, kazi hakuna. Tulikuwa na uchungu. Ardhi ya Mpeketoni ilianza kugawiwa watu wa bara kwa skimu ya serikali miaka ya 1970, na kuna wenyeji wa kaunti hii mpaka leo hawana karatasi ya kiwanja walichozaliwa juu yake. Dhuluma ipo, na sitaikana ili nionekane mtu mwema.

Ila nilisema "walistahili"? Sikumbuki kabisa. Mwanangu anakumbuka. Alikuwa na miaka tisa. Anakumbuka nilisimama mlangoni, kikombe cha kahawa mkono wa kushoto, nikamwambia jirani. Anakumbuka na jirani alicheka.

mtu_wa_kusini

Mkuu, nakusoma kutoka Mtwara. Hapa ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado ya Msumbiji, moto wa waasi wenye itikadi kali umewaka tangu Oktoba 2017, na 2020 ulivuka ukaja Kitaya kijiji chetu cha upande huu. Walioondoka kwenda kule tunawajua kwa majina ya utani. Mmoja alikuwa ananiuzia pweza. Sikuwahi kumsikia akiongea dini, alikuwa analalamika kodi ya soko na kupigwa virungu. Siku moja hayupo. Mzee wake mpaka leo ukimuuliza anasema kijana yuko kwenye uvuvi.

kijana_langoni

Mzee, niulize kitu nikiwa mimi ndiye kijana hapa. Kama dhuluma ni ya kweli, na nyinyi mliinamisha vichwa kweli, yule mtu alikosea wapi? Simuungi mkono. Nauliza kwa sababu sisi tukiuliza majumbani tunapigwa makofi.

fundi_kalafati

Hilo ndilo swali alilouliza na yeye, na sikuwa na hotuba. Kwa hiyo nikampeleka nikamwonyeshe kitu ambacho nilikuwa nimekificha.

Mpeketoni kulikuwa na mtu wa bara, Mkikuyu, ana duka la vifaa vya ujenzi. Misumari yangu mikubwa nilichukua kwake miaka sita, kwa vile Lamu mjini bei ilikuwa kali. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzani wa haki. Akinipa kwa deni anaandika kwenye daftari, sahihi hataki, anasema "nakujua". Aliuawa usiku ule wa kwanza. Nilijua asubuhi yake. Sikwenda kuhani. Mwanzo nilisema njia ni mbaya, na kweli ilikuwa mbaya. Kisha kafyu. Kisha ikawa nimechelewa, na mtu akichelewa kuhani hutafuta sababu ya kumchukia maiti.

Tulikwenda mimi na kijana, Julai ile ya 2023. Tukavuka Mokowe, tukachukua bodaboda mbili. Njiani sikumwambia tunakwenda kwa nani. Duka lipo, dogo kuliko zamani, mjane ndiye anayeuza. Hakunijua. Nikajitaja: fundi wa mashua kutoka Lamu, nilikuwa nachukua misumari kwa mzee.

Alinitazama kitambo. Akaingia ndani akakaa huko, nikadhani ndiyo tumefukuzwa. Akatoka na daftari lenye jalada la buluu lililobanduka. Akaanza kufunua kwa kidole kilicholowa mate. Kurasa za 2014. Akaliweka juu ya kaunta akaligeuza upande wangu. Mwandiko wa marehemu: Fundi Lamu, misumari kilo 6, salio 1,450.

"Ulikuwa unadaiwa," akasema.

Nikatoa elfu mbili, nikamwambia akae na chenji. Akahesabu, akahesabu tena, akanirudishia 550, zote. Akachukua kalamu akapiga mstari juu ya jina langu. Ndipo akasema, "Miaka tisa. Hukuja."

Nikasema sikuja.

Hakutukaribisha chai. Hakulia, wala hakunisamehe, na sikumwomba, nisije nikamlemeza na kazi nyingine. Alikuja mteja wa saruji akamgeukia. Sisi tukatoka.

Kijana alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Kwenye boti ya kurudi aliniuliza jambo moja tu: "Ukisema mbara, ulikuwa unamsema na huyu?" Nikamwambia, ndiyo. Nilipokuwa nasema sikuwa namfikiria, lakini ndiyo, na yeye.

Kijana_langoni, sijui kama nimekujibu. Dhuluma ina wenyewe walioifanya, wana majina na saini, na yule muuza misumari hakuwa mmoja wao. Mtu wa saa nane ya usiku hakumwandikia mwanangu hata mara moja jina la aliyetia saini. Alimwandikia "wao".

kijana_langoni

Umenijibu kiasi. Nashukuru hukunizaba kofi.

ustadhi_wa_zamani

Nabii Nuhu alimwita mwanawe ndani ya tufani: ewe mwanangu, panda pamoja nasi. Mwana akasema atakimbilia mlimani. Wimbi likaingia kati yao. Baba alikuwa nabii, chombo kiko tayari, na mwana hakupanda. Nasema haya kwa wazazi wanaosoma na wana wao hawajarudi. Msijilaumu kupita kiasi.

fundi_kalafati

Maalim, kisa hicho nakisikia tangu chuoni, na kwa sababu ya kazi yangu nilikuwa nakitazama chombo tu: mbao zake, na nani aliikalafati. Sikuwahi kukizingatia kile kilio. Alimwita "mwanangu" mawimbi yameshafika. Mimi wimbi lilikuwa kikombe cha chai, nikamwita majina.

mama_wa_watatu

Na sasa yuko vipi? Usituache hivi.

fundi_kalafati

Yupo. Anafanya kazi na mimi, siku nyingine anakwenda Shela kubeba wageni kwenye mashua ya mjomba wake. Mazungumzo na yule mtu yamekatika, mwenyewe ananiambia, na binti yangu anathibitisha (huyo ndiye idara yangu ya usalama). Maulidi bado haendi. Simlazimishi. Usiku naamka saa nane, mkojo wa uzee, nikipita mlangoni kwake nikiona mwanga nabisha. Mara nyingi ni mpira. Mara moja tulizungumza mpaka alfajiri habari za fidia, akanichambulia mambo ya kisheria ambayo mimi sikuyajua, nikamwambia aende kwenye mikutano ya chama cha wavuvi akayaseme huko. Amekwenda mara mbili. Kasema wazee wanaongea sana.

Nilitaka kuishia hapo, mke wangu amesoma juu ya bega langu akaniambia kama nimeamua kusema nimalize.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, tuko Mkunguni. Kahawa tungu imekuja, watu kama kumi, kijana yupo, amekaa pembeni na wenzake. Mzee mmoja, rafiki yangu wa utotoni, akaanza habari ya kiwanja kilichouzwa, akanigeukia akasema, "Fundi, ile yako ilikuwaje? Mbara akija na begi..." Wote wakanitazama wakingoja niimalizie. Wameshaanza kutabasamu.

Sikuimalizia. Lakini pia sikusema kitu. Nilinywa kahawa. Mwingine akaimalizia, wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mafuta ya taa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, kichochoro kile chembamba ambacho lazima mmoja atangulie, punda akapita na mchanga wa ujenzi, tukabana ukutani. Kijana akasema nyuma yangu, "Leo umenyamaza."

Nikamwambia, "Ndiyo."

Akasema, "Nilikuwa nangoja."

Kesho ni Ijumaa tena.